Taa ya Kijani ya Bwana Muhuri

Habari yenyewe ilitoka kwenye simu ya Breki Moja wa benchi la kahawa, ile yenye ufa katikati ya kioo, ambayo kila picha ndani yake ina kovu la uso. Ilikuwa Jumamosi, saa tatu kasorobo asubuhi. Birika la Mama Kahawa lilikuwa limeanza kufukuta, na benchi lilishakaliwa na wenyewe.

"Tulieni nisome," alisema Breki Moja. "Eti watu wametengeneza chaja yenye akili."

"Yenye nini?" aliuliza Fundi Asidi.

"Akili. Ndivyo ilivyoandikwa. Ni ya betri za pikipiki, hasa zile zinazokaa sana bila kutembea. Unaibana kwenye betri, unaiacha hapo hata mwezi mzima. Yenyewe inaipima betri ina njaa kiasi gani, inailisha. Ikishiba, inaacha. Ikianza kulegea, inaionjesha kidogo. Haiunguzi, haichemshi."

Fundi Asidi alicheka puani, kicheko cha mtu aliyetukaniwa kazi. Kibanda chake kilikuwa ng'ambo ya barabara, hatua ishirini tu, na ndani yake lilikaa chaja la chuma alilorithi kwa fundi aliyemfundisha, kubwa kama sanduku la safari, linanguruma kutwa kucha. Betri ikiingia mle hutoka imevimba mashavu.

"Akili!" alisema. "Shemeji yangu kasomeshwa mpaka zizi likabaki na kamba tupu, na akili bado tunamtafutia. Leo iwe chaja?"

"Kisayansi inawezekana," alisema Profesa. Huyu alikuwa kinyozi, na elimu yake yote aliipata kwenye magazeti ya zamani aliyobandika ukutani mwa chumba chake cha kunyolea.

"Kisayansi nini, Profesa? Wewe kila habari unajua mwanzo wake tu. Mwisho uko upande wa pili, umeugandisha kwa gundi."

Benchi likacheka. Mama Kahawa mwenyewe alicheka, na yeye huwa hacheki kabla hajauza vikombe kumi.

Bwana Muhuri hakucheka. Alikuwa amekaa ncha ya benchi, mgongo kwenye ukuta wa nyumba yake mwenyewe, maana benchi hilo lilikuwa chini ya dirisha la sebule yake. Miaka thelathini na mmoja alikuwa karani wa kugonga mihuri ofisini, na hata baada ya kustaafu mkono wake wa kulia uliendelea kugonga: akikubali jambo, hupiga goti lake kofi moja, pa! Leo alivaa shati jeupe lililopigwa pasi mpaka mikunjo inakata. Viatu vimeng'aa. Kando yake ilisimama pikipiki yake imefunikwa kitambaa kizito cha maua, zamani pazia la chumbani. Na kama mtu angeangalia vizuri, angeuona waya mwembamba mweusi umetoka dirishani, umeshuka ukutani, ukaingia chini ya kitambaa.

Hakuna aliyeangalia vizuri. Watu wa benchi hilo walikuwa hodari wa kusema, si wa kuangalia.

Pikipiki ile ilikuwa na historia. Bwana Muhuri aliiendesha mara moja kwa mwezi, kumpeleka Mama Pindo, fundi cherehani wa nyumba ya tatu, kununua vitambaa. Mama Pindo alikuwa mjane, na Bwana Muhuri mkewe alishatangulia siku nyingi. Basi yakaanza kwa vifungo vya shati, yakaja ya suruali kupunguzwa, na suruali ya mzee yule ilipunguzwa mara nyingi kuliko urefu wake. Lakini pikipiki ikikaa mwezi, betri hulala. Kila safari ikaanza kwa watu wa benchi kuisukuma, Mama Pindo amekaa nyuma amekumbatia mkoba, mtaa mzima umetoka milangoni kupiga makofi. Mara ya mwisho waliisukuma hadi kona ya pili, na Breki Moja alikuwa akiimba.

Mama Pindo alishuka siku ile bila kugombana. Alisema neno moja tu. "Jumamosi ya kwanza ya mwezi ujao, saa nne kamili, nakwenda kwa dada yangu. Dada anataka kukuona, Bwana Muhuri. Yeye ndiye aliyenilea, na akikubali yeye, mimi sina la kuongeza. Lakini nikitoka nje nikakuta mikono ya watu kwenye mkia wa pikipiki yako, nageuka, na suruali zako utazipeleka kwingine."

Ndiyo Jumamosi yenyewe.

Baada ya onyo lile mzee alimpigia simu binti wa dada yake, anayeuza vifaa vya umeme, na binti akamtumia chaja. Akamwelekeza kwa utaratibu: "Mjomba, nyekundu kwenye nyekundu, nyeusi kwenye nyeusi. Ikiwaka kijani, imejaa. Usiiguse. Iache hapo hapo mpaka dakika ya kuondoka." Tangu siku ya pili taa iliwaka kijani, na mzee alikuwa akiamka alfajiri kwenda kuitazama kama mtu anayemtazama mgonjwa aliyepata nafuu.

Kama angenyamaza saa moja tu, habari hii isingekuwepo. Lakini Fundi Asidi alisema, "Chaja yenye akili ni ya watu wasiokuwa nayo," na mzee akashindwa kuvumilia.

"Mimi ninayo," alisema.

"Akili?"

"Chaja." Akafunua ncha ya pazia. Chini yake, kwenye ubavu wa pikipiki, kijisanduku kidogo kama sabuni ya kipande kilikuwa kimening'inia, na taa yake ya kijani imetulia tuli.

Benchi zima liliinuka. Breki Moja alichuchumaa. Profesa alivaa miwani. Fundi Asidi hakuinama. Alikiangalia kijisanduku kutoka juu, kama mtu anayeangalia kitu alichokanyaga.

"Hiki? Hiki hata redio hakichaji."

"Siku ya tisa leo," alisema mzee. "Imejaa. Taa ya kijani hiyo."

"Kijani ndiyo ushahidi?" alisema Breki Moja. "Mzee, mlango wangu ni wa kijani, na ndani hamna hata kijiko."

"Siku tisa kwenye umeme!" alisema Fundi Asidi. "Betri hiyo imeshaiva. Ukiifungua utakuta supu."

"Ya kwako ndiyo supu," Mama Kahawa alisema huku akisuuza vikombe. "Betri ya mwanangu uliipika siku moja, ikarudi ina tumbo."

"Mama, mimina kahawa. Haya ni mambo ya ufundi."

"Namimina. Masikio hayamwagi kahawa."

Hapo Profesa akakohoa, na kikohozi chake kilikuwa na maana. "Waheshimiwa, kuna sheria ya benchi."

Sheria ya benchi ilikuwa moja tu: hakuna jambo linalokubaliwa hapo mpaka kila mtu awe amelijaribu kwa mkono wake. Sheria hiyo ilitungwa siku alipopita muuzaji mwenye saa ya mkononi aliyodai haiingii maji. Walimkalisha, wakaitumbukiza saa kwenye kahawa, mmoja baada ya mwingine. Akatumbukiza Breki Moja, ikatembea. Akatumbukiza Profesa, ikatembea. Fundi Asidi aliitumbukiza kwenye kahawa inayochemka, akaikoroga kwa kijiko, ikasimama. Wakapeana mikono kwa kumfichua tapeli. Yule muuzaji aliondoka analia, na mpaka leo wakisimulia jambo hilo wanajiona askari wapelelezi.

"Hapana," alisema Bwana Muhuri. "Binti amesema isiguswe."

"Anaogopa!" Breki Moja alijipiga paja. "Mzee anaogopa mtihani! Kumbe taa yenyewe haiamini."

"Siogopi. Saa nne nina safari."

"Safari tunaijua. Tukanywe maji kabisa? Maana wasukumaji ni sisi."

Neno hilo lilimwingia mzee chini ya mbavu. Tena, maisha yake yote hajapitisha karatasi bila kukaguliwa. Kitu halali kinaogopaje ukaguzi? Aliangalia saa yake: saa tatu na dakika tano. Akapiga goti, pa!

"Haya. Kila mtu jaribio moja. Moja tu."

"Kwanza toa waya," alisema Fundi Asidi. "Betri ikipimwa huku inanyonya, huo si mtihani, ni kuoneshwa majibu."

Mzee akavitoa vibanio kwa vidole viwili, taratibu, akakiweka kijisanduku dirishani. Akahisi kama mtu aliyemvua mtoto sweta asubuhi ya baridi.

Breki Moja alianza. Jaribio lake lilikuwa honi. Mzee aligeuza ufunguo, Breki Moja akabonyeza, na honi iliyokuwa ikikohoa kama paka mwezi jana ililia mpaka kuku wa nyumba ya pili wakapanda ukuta. Bwana Muhuri akatabasamu.

"Toa kidole sasa."

"Subiri, nasikiliza kama inapungua." Akaendelea mpaka akachoka yeye, akabadilisha kidole, akaendelea.

"Inapungua?" aliuliza Profesa.

"Masikio ndiyo yamepungua."

"Si muwashe tu pikipiki?" aliuliza Mama Kahawa. "Ikiwaka si imewaka?"

Wanaume wote wakamgeukia kwa huruma.

"Mama," alisema Profesa, "hiyo ni njia ya watu ambao hawajasoma."

"Kitufe cha kuwasha nimekiwekea saa nne," alisema Bwana Muhuri kwa sauti ya chini. "Nataka akisikie yeye kwanza." Wakaguna wote watatu, lakini mzee hakuona haya.

Profesa alichagua taa ya mbele. Aliiwasha, akarudi nyuma hatua tatu, akatikisa kichwa. "Jua ni kali. Haipimiki mchana. Inahitaji giza la kitaalamu." Akalitandaza pazia lote la maua juu ya usukani, akaingiza kichwa chini yake, matako nje, kama mpiga picha wa zamani.

"Unaona nini?" Fundi Asidi aliuliza.

"Naona mwanga."

"Wa namna gani?"

"Wa kawaida. Lakini mwanga kuwepo si hoja. Hoja ni kudumu." Akatoka, miwani imeingia ukungu. "Tuuache kidogo, tuone msimamo wake."

Basi wakauacha. Wakarudi benchini, na hapo ndipo maneno yalipowachukua watu. Breki Moja alisema kama chaja ina akili, basi siku moja itakataa kazi. Profesa akasema itadai likizo. Fundi Asidi akasema yeye hana wasiwasi, kwa sababu kitu chenye akili hakiwezi kukaa siku tisa kimebana betri ya mzee huyu bila kuuliza kwa nini. Wakacheka mpaka kahawa ikawatoka puani. Wakaingia kwenye simu zenye akili, televisheni zenye akili, jiko lenye akili, mpaka wakafika kwa mke wa zamani wa Breki Moja, aliyekuwa na akili ndiyo maana aliondoka. Mama Kahawa aliuza vikombe kumi na vinne. Pazia la maua lilitulia pale kwenye usukani, na chini yake taa ilikuwa ikionesha msimamo wake.

Saa nne kasoro dakika kumi Fundi Asidi akakumbuka zamu yake. Alifungua kifuniko cha ubavuni, akatoa spana mfukoni.

"Jaribio la kweli ni cheche," alisema. Akalaza spana juu ya vichwa viwili vya betri. Tsaa! Cheche ikaruka, na harufu ikafuata.

"Aah, hafifu."

"Jaribio moja!" mzee alisema.

"Hilo nilikuwa nasafisha spana." Tsaa! "Mnaiona? Rangi yake si nzuri." Tsaa! "Cheche ya betri nzima huwa ya bluu, hii ina woga."

"Na mimi ningelazwa spana mara tatu kichwani ningekuwa na woga," alisema Mama Kahawa.

Mlango wa nyumba ya tatu ukafunguka.

Mama Pindo alitoka na gauni la kijivu lenye pindo lililoshonwa hata uzi hauonekani, kifurushi cha zawadi ya dada yake, na helmeti mpya ya zambarau aliyoinunua mwenyewe. Ile helmeti ndiyo iliyomkata mzee maini. Mtu hanunui helmeti yake kwa safari ya siku moja.

Bwana Muhuri akavuta pazia kwa mkono wa madaha. Chini yake taa ya mbele ilikuwa ikiwaka rangi ya machungwa, jicho la mtu mwenye homa. Wote wakaiona. Mzee akaizima, akapanda, akabonyeza kitufe.

Tk.

Akabonyeza tena. Tk, tk, tk.

"Nilisema!" Fundi Asidi aliruka. "Nilisema au sikusema? Chaja feki! Siku tisa haijaingiza kitu!"

"Kisayansi ilitarajiwa," alisema Profesa.

"Twende kazi, mzee, kaa vizuri!" Breki Moja alishazunguka nyuma, na mikono sita ikashika mkia wa pikipiki.

"Mikono," alisema Mama Pindo.

Hakupaza sauti. Mikono yote sita ikatoka kama iliyoungua.

Bwana Muhuri alishuka. Jasho limechora ramani kwenye shati jeupe. "Mama Pindo, betri ilikuwa imejaa. Nakuapia. Taa ilikuwa kijani mpaka saa tatu. Kosa ni langu, niliwaacha waipime."

"Nimewasikia wakiipima. Honi ile nilidhani ni ya lori lililokwama mlangoni kwangu. Kwa hiyo wameipima mpaka ikaisha."

"Hapana, shemeji," alisema Fundi Asidi, "sisi tumegundua tu kwamba—"

"Shemeji yako nani?"

Mama Pindo aliigeukia nyumba yake, na mzee akahisi miaka kumi imemwongezeka papo hapo. Lakini yule mama hakuondoka. Macho yake, yaliyozoea kutafuta tundu la sindano, yalikuwa yametua kwenye kichuma kilichokunjwa ubavuni mwa pikipiki, kimefunikwa vumbi.

"Hiki nini?"

"Kiki," mzee alisema.

"Kazi yake?"

"Ni ya... kuwashia. Kwa mguu. Betri ikiwa haina kitu."

Mama Kahawa aliacha kumimina.

"Na miezi yote hii mimi nasukumwa kama mkokoteni?"

"Imekufa hiyo. Na goti langu hili lisingeiweza."

"Nani alisema imekufa?"

Benchi zima likamwangalia Fundi Asidi.

"Niliikagua mwaka juzi," alisema. "Ni pambo."

"Uliikagua kwa kitu gani?"

"Kwa... kwa macho."

"Mimi niliijaribu," Breki Moja akaingilia, "ikanirudi ugokoni, nikachechemea wiki."

"Sheria ya benchi ilikuwa wapi siku hiyo?" aliuliza Mama Kahawa. "Kitu chenye kazi hamkukijaribu wote?"

Mama Pindo alimpa Mama Kahawa mkoba na kifurushi. Akakifuta kile kichuma kwa leso, akakikunjua. Miaka ishirini na minane mguu ule ulikanyaga cherehani, asubuhi mpaka jioni, sare za shule na mapazia ya ofisi. Akapandisha gauni inchi mbili, zisizidi. "Bwana Muhuri, shika mkono wa mafuta. Nikisema toa, uzungushe."

Akakanyaga. Pikipiki ikakohoa.

"Itamvunja mguu," Fundi Asidi alinong'ona, na katika kunong'ona kwake mlikuwa na matumaini.

Akakanyaga tena. Ikasafisha koo.

"Toa!"

Ya tatu ikanguruma, moshi wa mwezi mzima ukawatokea wanaume watatu usoni, na kuku wa nyumba ya pili wakapanda ukuta mara ya pili.

Mama Pindo alivaa helmeti yake ya zambarau, akaifunga kidevuni, akakaa nyuma ya mzee aliyekwisha kupanda. "Twende. Dada hapendi kungoja." Kisha akamsogelea sikioni, ingawa kwa ngurumo ile ilibidi apige kelele, na mtaa wote ukasikia: "Na hiyo chaja yako ukirudi uihamishie kwangu, na pikipiki yake! Huku ina marafiki wabaya!"

Bwana Muhuri alitoa mkono mmoja kwenye usukani, akapiga goti kofi moja, pa! Wakaondoka.

Vumbi lilipotulia, watu watatu walikuwa wamesimama mikono haina kazi. Dirishani kijisanduku kilikuwa bado kwenye umeme, vibanio vimening'inia hewani, na taa yake sasa inapepesa nyekundu, nyekundu, nyekundu.

"Mnaona?" Fundi Asidi akapata uhai. "Imekufa! Nilisema feki!"

"Tuithibitishe," alisema Profesa. "Kila mtu jaribio moja."

Breki Moja akashika vibanio, kimoja kila mkono, akafumba macho. Taa ikapepesa nyekundu. Akashika Profesa, akavuta pumzi kitaalamu. Nyekundu. Fundi Asidi alitema mate viganjani kwanza, ili umeme ushike, akavikamata kwa nguvu zote. Nyekundu.

"Nzima kabisa hiyo," alisema Mama Kahawa huku akikusanya vikombe. "Inatafuta kama kuna kitu ndani. Imewapitia wote watatu. Mnataka isemeje?"